Kodi ya nyumba si Rwanda jameni

Juzi landlodi wetu hapa Umoja alituma meseji kwa grupu ya wapangaji ati kodi inapanda elfu moja kuanzia mwezi ujao, na saa haijaisha mtu ashamuita Hitler, mwingine akaandika tunafanyiwa mauaji ya kimbari na watu wakamuwekea vidole gumba. Mama wa floo ya pili, yule huuza mboga pale geti, akatoka kwa grupu bila kusema kitu. Huyo mama alitoroka Burnt Forest, kule Bonde la Ufa, wakati wa vita vya baada ya uchaguzi, Januari 2008, na watoto wawili na begi moja, mzee wake hakufika.

Imenisumbua sana. Elfu moja inauma, hata mimi naumia, na landlodi nilimwambia. Lakini Rwanda 1994 watu zaidi ya laki nane waliuawa kwa siku kama mia moja, wengi wao na majirani waliokuwa wakiombana chumvi. Ukibeba hayo ukamrushia mtu juu ya kodi, anaona umemtusi tu, na hoja yetu nyingine kwa grupu, ya maji kukosekana tangu Jumapili, inazama hapo hapo, na ndivyo ilivyozama.

Sisemi tusilinganishe, tulinganishe, lakini useme ni nini hasa kinafanana. Wakati wa mkoloni wazee wetu walivalishwa kipande, yaani kitambulisho cha kazi, shingoni ndani ya kikopo cha chuma, kina alama za vidole na jina la mwajiri, na kama mzungu hajasaini kwamba amekuachilia huwezi kuandikwa kazi kwingine. Mtu akiniambia kitambulisho cha kidijitali kinamkumbusha kipande nitakaa nimsikilize, bora anionyeshe ni wapi: nani anaona habari zangu, nitanyimwa nini nikikosa hiyo kadi. Akisema tu "tumerudi ukoloni" sasa mimi nijibu nini?

Na kuna mahali kunyamaza ndio kubaya. Redio RTLM ya Kigali iliita Watutsi inyenzi, yaani mende, miezi mingi kabla ya mapanga. Huku kwetu Bonde la Ufa watu waliitwa madoadoa, ati waondolewe, na baada ya uchaguzi wa 2007 tukazika zaidi ya watu 1,100, kanisa la Kiambaa likachomwa na watu wakiwa ndani, siku ya mwaka mpya. 2027 ndio hiyo inakuja. Mwanasiasa akisimama kwa mkutano aite kabila la wenzake wadudu, hiyo siku ndio nataka mtu apige kelele aseme Rwanda na sisi wote tushtuke, na sijui tutashtuka vipi kama neno lenyewe tumelizoea kwa mambo ya kodi na takataka.

Jana nikinunua sukuma nilimwomba yule mama arudi kwa grupu. Akanikatia mboga kwanza, akanifungia, halafu akasema atarudi ile meseji ya mauaji ya kimbari ikitolewa. Nimemwandikia admini mara mbili, bado iko.