Pole, Mwanariadha!

Hivi kutembea ukiwa umevaa viatu vya mbio ni kosa la jinai? Maana mtu akishamaliza mseto, dawa ya malaria, vidonge 24 kwa siku tatu, homa ikakata, mtaa mzima unamhesabu mzima. Wadudu wamekufa, sawa, lakini wameondoka na chembechembe nyekundu za damu, na hizo haziuzwi dukani kwa Mangi. Uboho unazitengeneza upya kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana ngazi za ghorofa moja zinakuhemesha kama umebeba saruji.

Ratiba yenyewe haina ujanja. Homa ikishapotea wiki nzima, tembea tu, dakika 20, alfajiri kabla jua la Dar halijachachamaa. Ukiona sawa, unakimbia dakika moja, unatembea mbili, mara nane. Kesho yake unapumzika. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, umezidisha.

Shida ni zile dakika mbili za kutembea. Dakika moja ya kukimbia kwa mwendo wa mgonjwa ni mita 120 hivi, na vijiwe vya bodaboda, sijui nani kavipima, vimeachana mita 120 hizo hizo! Kwa hiyo unaanza kutembea mbele ya kijiwe, kila mara.

"Bosi, umekata moto? Panda, buku tu."

Unainua mkono kwa heshima, unatazama saa kama kocha wa taifa. "Nipo kwenye programu."

"Programu ya kutembea?"

Hapo anatokea mama wa vitumbua, ndoo kichwani, kanga kiunoni, anakupita bila hata kuhema. "Pole mwanangu. Malaria, eeh? Kunywa rozela, inaongeza damu."

"Rozela wapi, mama! Mlonge!" anadakia wa bodaboda.

"Maini ya kukaanga," anasema wa tatu, ambaye hata pikipiki hana.

Baraza la madaktari limeketi. Mama ameshatua ndoo. Kila mmoja ana shemeji aliyepona kwa dawa yake. Wekundu wa rozela si damu jamani, ingekuwa hivyo tungewekewa dripu ya soda! Huyu wa maini angalau ana hoja, maini yana madini ya chuma. Ila dakika mbili zimeisha, saa inalia, inabidi ukimbie mbele yao wote. Wanapiga makofi. Unatimua kwa aibu, mwendo unazidi, moyo unagonga kooni, programu imeharibika kwa sababu ya makofi. Damu haitoshi! Mnashangilia nini?

Bora mapigo ya moyo, hayana maneno. Yahesabu asubuhi kabla hujatoka kitandani, sekunde 30, zidisha mara mbili. Kawaida yako 60 na leo 72? Rudi ulale. Wiki zikipita bado unahema, kapime wingi wa damu: mwanaume chini ya gramu 13 kwa desilita, mwanamke chini ya 12, hilo si suala la mazoezi tena. Ndondo, mpira wa mtaani, nayo iache kwanza, bandama ikiwa bado imevimba haitaki goti la beki.

Na chai usinywe pamoja na maharage, inazuia chuma kisiingie mwilini. Kamulia ndimu, subiri saa moja, ndipo chai. Sasa chai ya saa moja baadaye utainywea na nini, kitumbua kimeshapoa? Na vyenyewe siku hizi vimekuwa vidogo kama vifungo vya koti, bei imepanda, katikati shimo. Kitumbua kina shimo tangu lini?