Mmarekani ni nani, na sisi Watanzania tumeyafanyia nini maneno yetu

Tangu nihamie Louisville, jimbo la Kentucky, ndugu zangu wa Kasulu, mkoani Kigoma, huniuliza habari za mshahara na za baridi. Hayo nimeshayajibu sana. Leo nataka kuandika jambo wasiloniuliza, nami naliona kubwa kuliko yote: huyu Mmarekani ni nani hasa, na ukimtazama vizuri unaionaje nchi uliyoiacha.

Mmarekani humtambui kwa sura. Ghalani ninakofanya kazi zamu ya usiku, kwenye mkanda mmoja wa vifurushi tunasimama Mkongomani, Mbosnia, Mkuba, Mnepali, na kijana ambaye ukoo wake uko Kentucky tangu enzi za utumwa. Wengi wao ni raia. Hawana dini moja wala chakula kimoja. Kinachowaunganisha ni maandishi: Tangazo la Uhuru la tarehe 4 Julai 1776, lililosema kwamba watu wote wameumbwa sawa na wana haki ya uhai, uhuru na kuitafuta furaha, na Katiba iliyoandikwa mwaka 1787. Ukiyakubali hayo ukala kiapo, kisheria uko sawa na aliyezaliwa hapa, isipokuwa hutagombea urais wala umakamu wake.

Wapo wanaosema hizo ni porojo, na wana hoja. Thomas Jefferson, aliyeandika rasimu ya Tangazo lile, alimiliki zaidi ya watumwa 600 katika maisha yake. Wilaya ninayoishi inaitwa kwa jina lake. Katiba ya 1787 ilimhesabu mtumwa kuwa sehemu tatu kwa tano ya mtu pale viti vya bunge vilipogawanywa. Sheria ya uraia ya 1790 ilifungua mlango kwa wageni huru weupe tu. Wenyeji wa asili wa bara hili, waliokuwapo kabla ya wote, hawakupewa uraia kwa jumla mpaka mwaka 1924. Na Kentucky hii ninayolipa kodi iliyakataa marekebisho ya Katiba yaliyofuta utumwa mwaka 1865. Yakawa sheria bila kura yake, yenyewe ikaja kuyaridhia mwaka 1976.

Sasa kwa nini nasema maneno yale si porojo? Kwa sababu waliodhulumiwa hawakuyatupa. Waliyachukua wakayadai. Dred Scott, mtumwa, alifungua kesi Missouri mwaka 1846 akidai uhuru wake. Mwaka 1857 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamjibu kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia. Miaka kumi na moja baadaye hukumu ile ilizikwa na Marekebisho ya 14, yanayosema kila aliyezaliwa hapa, chini ya mamlaka ya nchi hii, ni raia. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani, mwaka 1852 alisimama mbele ya weupe wa Rochester akawauliza sikukuu yao ya Julai inamhusu nini mtumwa. Mwaka 1963 Martin Luther King akasema mbele ya umati wa Washington kwamba Marekani imempa mtu mweusi hundi isiyo na fedha, na kwamba wamekuja kuidai.

Hapa Louisville alizaliwa Muhammad Ali. Mwaka 1967 alikataa kwenda vita vya Vietnam, akavuliwa ubingwa na kuhukumiwa kifungo. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu hiyo. Watanzania tunamkumbuka kwa jambo jingine: mwaka 1980 alikuja Dar es Salaam kama mjumbe wa Rais Carter kutushawishi tuisusie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere akakataa kumpokea. Na mwaka 2020, polisi walipomuua Breonna Taylor, binti mweusi wa miaka 26, ndani ya nyumba yake, watu wa mji huu walikusanyika siku baada ya siku kwenye bustani iliyopewa jina la Jefferson huyo huyo. Walimkumbusha alichoandika.

Kwangu basi, Mmarekani ni mtu mwenye haki ya kuidai ahadi ya 1776. Ahadi yenyewe haijawahi kutimizwa yote.

Niliyaona haya kwa karibu kwa mama mmoja jirani yangu. Kwao ni Fizi, Kivu Kusini, na kabla ya kuletwa huku aliishi miaka mingi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, pale pale kwetu Kasulu. Alipokuwa anajiandaa na mtihani wa uraia nilikuwa nakwenda kwake jioni. Akishaepua sombe, yaani kisamvu, tunasafisha meza na kutandaza karatasi ya maswali 100. Maswali ya bendera na ya idadi ya maseneta aliyapita haraka. Lililomsimamisha ni la utawala wa sheria, ambalo jibu lake mojawapo ni kwamba viongozi lazima watii sheria.

"Kaka, na prezida pia?"

Nikamwambia na rais pia.

"Na mukubwa wa polisi?"

Naye pia. Akachukua kalamu, akaandika jibu lile pembeni kwa Kiswahili chake, akapiga mstari chini yake, akaniambia hilo tusiliruke hata akilijua. Mtu aliyekimbia Kivu hajifunzi swali kama hilo ili afaulu mtihani tu. Siku ya kiapo jaji alitaja nchi moja moja na watu wakasimama. Ilipotajwa Kongo alisimama ameshika kibendera, na sijawahi kumwona amenyooka mgongo vile.

Nilifurahi mpaka machozi, lakini kama mtu wa Kasulu niliumia pia. Watoto wake wawili walizaliwa kwenye ardhi ya Kigoma. Wanasema Kiswahili cha kwetu. Miaka yote ile walikuwa watu wa kadi ya mgao, na hakuna aliyewahesabu kuwa Watanzania. Marekani imewahesabu kuwa watu wake.

Inauma zaidi kwa sababu sisi tulianza vizuri kuliko Wamarekani. Oktoba 1961, kabla hata bendera haijapanda, walikuwapo wabunge waliotaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere aliwakatalia, akaweka wazi kwamba serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kugawa uraia kwa rangi ya ngozi. Azimio la Arusha la 1967 linaanza kwa imani kwamba binadamu wote ni sawa. Utangulizi wa Katiba yetu ya 1977 unasema sisi wananchi tumeamua kujenga jamii ya uhuru, haki, udugu na amani. Na haya hayakuishia kwenye karatasi: kufikia mwaka 2014 Tanzania ilikuwa imewapa uraia takribani watu 162,000 wa familia za Warundi waliotukimbilia mwaka 1972. Nchi nyingi tajiri hazijathubutu kitu kama hicho.

Tulichokosa ni mazoea ya mwananchi kuyashika maneno hayo na kwenda nayo ofisini. Kwetu mtu anakwenda kwa mtendaji kuchukua barua ambayo ni haki yake, na anaanza kwa kuomba radhi. Maneno makubwa tumewaachia viongozi wayatamke siku ya Mwenge.

Lakini wapo waliodai. Bi Holaria Pastory wa Kagera alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, na mwaka 1988 akaliuza. Mtoto wa ndugu yake akamshtaki, kwa kuwa mila ya Kihaya ilimkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba mila hiyo ni ubaguzi unaopingana na Katiba. Mwanamke wa kijijini ameigeuza Katiba kuwa kitu cha kumsaidia, na ukimtaja kwa vijana wetu wengi hawamjui. Hapa mtoto wa shule ya msingi anamjua Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti cha basi. Mimi naona Bi Holaria anastahili kufundishwa sambamba na mashujaa wa Uhuru.

Sijasema huku ni peponi. Katika ahadi za 1776 udugu haumo, na unaliona pengo hilo ukiumwa au ukifiwa. Kasulu msiba ni wa mtaa mzima. Hapa jirani anaweza kuhama bila kukuaga. Na uhuru wenyewe unatikisika. Januari 2025 mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa, na dada wa jirani yangu bado yuko Nyarugusu na faili lake. Mwezi huo huo rais alitia saini amri ya kuwanyima uraia watoto wanaozaliwa hapa na wazazi wasio na vibali vya kudumu. Watu walikimbilia mahakamani siku hiyo hiyo, wakiwa na Marekebisho ya 14 mkononi.

Mimi mwenyewe nina grini kadi, kibali cha kuishi huku kwa kudumu, na miaka ya kuomba uraia imetimia. Fomu sijaijaza. Kiapo cha huku kinataka nikane utii kwa dola nyingine yoyote, lakini Wakenya huapa na bado wana pasipoti ya kwao, kwa kuwa Katiba yao ya 2010 imewaruhusu. Sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 inanifuta siku hiyo hiyo. Hadhi maalumu ya watu wa ughaibuni ni hatua, na nawashukuru walioipigania, ila haina kura. Wabunge wa Dodoma walipitie upya jambo hili. Ninachoomba si kiwanja Kigamboni. Nataka kubaki na haki ya kumdai mbunge wa Kasulu.