Siku tano Nantes, na Mnara wa Eiffel sikuupanda

Tangu nirudi, swali ni lile lile. Ofisini, kwenye kundi la familia, hata kwa fundi wangu wa cherehani: "Ulikwenda Ufaransa usipande Mnara wa Eiffel?" Sikupanda. Juma lililopita jamaa mmoja akasema mbele za watu kwamba viza yangu nimeitupa bure: siku tano nzima kwenye mji mmoja, tena mji asioujua hata kwa jina, nikiongozana na mtu mzima wa miaka 68 anayetembea hatua kumi akatafuta pa kukaa. Tulikuwa kwenye shughuli ya watu, nikanyamaza. Hapa sinyamazi.

Huyo mtu mzima ni mama mdogo wangu, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, mwalimu mstaafu wa historia. Alikuwa Ubelgiji kwa binti yake, anamlea mjukuu. Mimi nilikuwa na mafunzo Lille, nikabakiwa na siku tano kabla ya ndege. Nilimwachia yeye achague pa kwenda. Hakufikiri hata dakika moja. "Nantes," akasema. Jina hilo aliliandika ubaoni kwa chaki miaka mingi, pamoja na Liverpool na Bristol, kila alipofika kwenye somo la biashara ya pembe tatu: meli za Ulaya kwenda kununua watu Afrika, kuwauza Amerika, na kurudi na sukari. Alitaka kuuona mji wenyewe kabla macho hayajachoka.

Magoti yake hayapendi ngazi wala haraka, basi mwendo wetu ukawa wa magoti. Siku ya kwanza hatukutembelea chochote. Tulikaa ukingoni mwa mto Loire na chai ya chupa na pakiti ya biskuti za Petit Beurre, ambazo asili yake ni hapo hapo Nantes, mwaka 1886. Mama mdogo alizungusha moja vidoleni akihesabu meno ya pembeni. Ukijumlisha na pembe nne unapata 52, idadi ya wiki za mwaka. Kisha akaitazama kingo ya gati, akaniambia, "Maji yamepwa."

Nikamwambia huu ni mto, bahari iko mbali, kilomita hamsini hivi. Akaninyooshea kidole: ukutani palikuwa na mstari wa tope lililolowa bado, juu kabisa ya maji, na chini yake majani ya kijani yaliyoning'inia kama nywele. Alikuwa sahihi. Bahari ya Atlantiki inapanda Loire hadi katikati ya mji, mara mbili kwa siku, inajaa na kupwa kama kwetu. Mimi ningepita pale na simu mkononi nisione kitu. Yeye alikulia anapanga siku kwa maji.

Nayajua majibu yenu. Viza ya Schengen ni yuro 90, haijaguswa tiketi wala taarifa za benki wala ile foleni. Mtu akiipata anataka aone yote, maana huenda asirudi tena. Nakubali, pesa inauma. Na Paris ni nzuri, sibishani. Lakini nimewahi kusafiri kwa namna hiyo, miji minne kwa siku sita, na nilichobaki nacho ni picha zangu mwenyewe nimesimama mbele ya vitu. Harufu sikumbuki. Mtu hata mmoja simkumbuki.

Siku ya pili tulizunguka Île Feydeau. Jina lasema kisiwa, ila maji hayapo tena. Mikono ya Loire iliyokizunguka ilianza kufukiwa mwaka 1926 na leo tramu inapita palipokuwa na mto. Nyumba za matajiri wa karne ya 18 bado zipo, nyingine zimeinama kwa sababu zilijengwa juu ya mchanga. Juu ya madirisha na milango kumechongwa sura za mawe: wazee wenye ndevu, miungu ya bahari, na huko huko mjini utakuta pia sura za Waafrika. Tulikaa kwenye benchi mkabala na nyumba moja, mama mdogo akanipa somo zima, sauti ya darasani, kuhusu sukari, kahawa, vitambaa na bunduki. Mwenye kukimbilia treni ya saa nane hapati somo hilo.

Jambo lililonifanya niandike liko kwenye gati la Fosse. Tulikuwa tunatembea polepole kando ya mto, mimi nikijibu ujumbe, aliponishika mkono. "Mwanangu, tazama unapokanyaga."

Chini ya kiatu changu palikuwa na kipande cha kioo kilichozamishwa sakafuni, kina jina la meli na mwaka. Hatua moja mbele, kingine. Vipo 2,000 kwenye gati lile. 1,710 kati yake ni meli zilizoondoka Nantes kwenda kununua watu, na 290 vilivyobaki ni vituo na bandari zilikopita na zilikouza. Mji uliweka kumbukumbu hiyo mwaka 2012. Hakuna sanamu kubwa ya kukusimamisha. Watu wanakimbia mazoezi juu yake, baiskeli zinapita, mtoto alikuwa anaruka kutoka kioo hadi kioo. Ili uione inabidi uiname, na ili uimalize inabidi uende kama alivyokwenda mama mdogo: hatua, kuinama, kusoma kwa sauti, kunyooka, hatua. Majina ya wanawake, majina ya watakatifu. Alikataa nimshike. Tulitumia karibu saa mbili na hatukufika nusu.

Nani kwenye ratiba ya miji minne ana saa mbili za kuinama?

Halafu kuna ngazi za kushuka chini ya gati. Magoti au si magoti, alishuka. Huko unatembea kwenye njia ndefu yenye nguzo, mbao na zege, upande mmoja maandishi ya waliopinga utumwa kwenye vioo vikubwa, upande wa pili Loire yenyewe, karibu kabisa, unasikia inavyopiga nguzo. Mlangoni kabisa neno la uhuru limeandikwa kwa lugha 47. Mama mdogo alikaa kwenye benchi akavua miwani. Nilidhani ni uchovu.

"Mwaka 1776," akaniambia, "Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa. Watu 1,000 kila mwaka, piasta 20, sarafu za fedha, kwa kichwa." Wale walikuwa wapelekwe Mauritius, hawakupita Nantes, na mama mdogo si mtu wa kuchanganya mambo. Hata hizi meli 1,710, mateka wao wengi hawakuwahi kuuona mji huu; walichukuliwa Afrika wakashushwa upande wa pili wa Atlantiki, kilichorudi Loire ni sukari. Lakini bendera ilikuwa moja, na mkataba wa Kilwa una saini ya upande wetu pia. Alilisema hilo la saini mara mbili. Akasema Kivinje, mahali misafara kutoka Nyasa ilipofikia pwani, yeye amezaliwa na kukua hapo na hakuwahi kuonyeshwa mahali palipoandikwa chochote atakachoweza kuinamia.

Sikuwa na la kumjibu. Tulikaa.

Kesho yake tukaenda kwenye ngome ya watawala wa Bretagne, ambayo sasa ni makumbusho ya mji, kuuona mchoro wa meli Marie-Séraphique, ya mwaka 1769. Watu 307 wamechorwa mmoja mmoja, wamelazwa kama dagaa kwenye jamvi. Alitaka kuuona huo tu. Tulipotoka tukala galette, ile kama chapati nyembamba ya unga mweusi, ya yai na jibini, baada ya kumhakikishia mara tatu kwamba nyama ya nguruwe haimo.

Siku iliyofuata ilikuwa ya furaha na nashukuru ilikuwepo. Tulivuka kwa boti hadi Trentemoult, kijiji cha zamani cha wavuvi ng'ambo ya pili, nyumba za rangi ya waridi, njano na buluu, vichochoro vyembamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Tembo wa mbao na chuma wa mita 12, fahari ya mji tangu 2007, tulimwona akitembea na abiria mgongoni akirusha maji. Mama mdogo alicheka mpaka akashika kiuno. Kwao tembo ni wa kuvamia shamba la mahindi usiku.

Asubuhi ya mwisho, saa nne, treni yetu ikiwa mchana, akaomba turudi gatini. Maji yalikuwa yanapanda, tope limefunikwa, ule mstari wa ukutani umebakiza kama kiganja kimoja. Akampigia mama yangu Kilwa.

"Shikamoo dada. Huko maji vipi?"

Simu ilikuwa kwenye spika. Mama akajibu bila kuuliza kwa nini: yamepwa sana leo, wanawake wameshuka kuchokoa pweza.

"Huku yanajaa," mama mdogo akasema, akaishika simu juu ya mto ili dada yake asikie.