Vichujio vya maji na majibu ya nusunusu

Kinachonikera kwa wauzaji wa vichujio vya maji hapa Arusha ni kwamba kila mmoja huanza kwa kusifu mtungi wake, na hakuna anayeuliza kwanza maji ya nyumbani kwako yana nini. Visima na chemchemi nyingi za ukanda huu wa volkano zina madini ya floridi yanayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya wenyeji ni ushahidi tosha. Hata hivyo utauziwa kichujio cha kauri chenye umbo la mshumaa, ambacho huzuia tope na vijidudu lakini huipitisha floridi kama ilivyo, au utashauriwa uchemshe, ilhali kuchemsha hupunguza maji na kuiacha floridi palepale. Kinachosaidia ni mkaa wa mifupa, au mtambo wa osmosisi kinyume, yaani unaosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba, ambao kwa kawaida huhitaji pampu, kwa kuwa tangi la juu ya paa halina msukumo wa kutosha. Hilo fundi hulisema akishatoboa ukuta! Ukimwomba majibu ya maabara, huchovya kwenye glasi kipimo chake chenye umbo la kalamu, kinachokadiria jumla ya chumvi zilizoyeyuka tu, kisha hutabasamu kana kwamba amejibu.