Sindano ya Testosteroni Isiuzwe Bila Kipimo

Katika baraza za Lamu siku hizi, wazee wakishamaliza habari za bei ya samaki na siasa za kaunti, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye sindano ya testosteroni, yaani homoni ya kiume. Anayeitaja huteremsha sauti kidogo, kisha husifu: usingizi umerudi, mwili umekaza, na nyumbani mambo ni shwari. Sina ugomvi na dawa yenyewe, kwani wapo wanaume ambao miili yao haitengenezi homoni hii ya kutosha, na hao wana haki ya kutibiwa bila kuonewa haya. Ugomvi wangu ni na biashara ya kumdunga mzee testosteroni bila kumpima damu kabla wala baada, kwa maana hapo ameuziwa nusu ya matibabu, na nusu aliyonyimwa ndiyo iliyokuwa imlinde.

Tamaa hii ni kongwe. Mwaka 1889, Charles-Édouard Brown-Séquard, mwanasayansi mzaliwa wa Port Louis, Morisi, katika bahari hii hii yetu, aliwatangazia wenzake mjini Paris kwamba, akiwa na umri wa miaka 72, amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za wanyama na kurejewa na nguvu za ujana. Leo tunajua kwamba maji yale hayakuwa na homoni ya kutosha kumfanyia lolote. Nguvu alizozihisi zilikuwa za matumaini. Testosteroni ilitengenezwa maabara mwaka 1935 tu. Tofauti yetu na yeye ni kwamba kilichomo ndani ya chupa zetu ni homoni kweli, kwa hiyo na madhara yake ni ya kweli.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, ambaye namwita ami, alinionyesha chupa yake: ndogo ya kioo, ndani yake mafuta ya manjano mazito, kwa kuwa homoni hii huyeyushwa katika mafuta, aghalabu ya ufuta au ya mbarika. Karatasi ya duka la dawa ilikuwa na maneno mawili matatu ya kalamu kuhusu siku ya kurudi, basi. Nilipomuuliza kama alipimwa damu, alinijibu, "Nipimwe nini, mwanangu, na udhaifu naujua mwenyewe?"

Udhaifu anaujua, ila chanzo chake hakijui. Testosteroni hushuka polepole kwa kila mwanamume kadiri umri unavyosonga, na kushuka huko peke yake si maradhi. Miongozo ya madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani hutaka mgonjwa awe na dalili, na pia vipimo viwili vya asubuhi, vya siku tofauti, vinavyoonyesha kiwango kilicho chini ya nanogramu 300 kwa desilita. Hapa pwani, ambako kisukari na presha vimeingia karibu kila nyumba, uchovu na upungufu wa nguvu za kiume mara nyingi hutoka huko, au kwenye kitambi, au hata kwenye baadhi ya vidonge vya presha vyenyewe. Mishipa ya uume ni myembamba, na ikianza kuziba huenda inatangulia kutoa habari za moyo. Anayeizima dalili hiyo kwa sindano, bila kuichunguza, amejinyima onyo.

Kuhusu moyo, habari njema imeenea nusu. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2023, uliohusisha wanaume zaidi ya 5,200 wa umri wa miaka 45 hadi 80 waliokuwa na maradhi ya moyo au hatari ya kuyapata, ulionyesha kwamba waliopakwa jeli ya testosteroni hawakupata mshtuko wa moyo wala kiharusi zaidi kuliko waliopakwa jeli tupu. Haya husimuliwa kwa furaha. Yasiyosimuliwa ni kwamba waliotumia homoni walipata zaidi mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, madhara ya ghafla ya figo, na damu iliyoganda kwenye mapafu. Isitoshe, wale walikuwa wagonjwa waliopimwa na kufuatiliwa. Ami hafuatiliwi na yeyote.

Dhara linalonitia hofu kuliko yote ni damu kuwa nzito. Testosteroni huuchochea mwili kutengeneza chembe nyekundu, na sindano hufanya hivyo kuliko jeli. Chembe hizo zikizidi asilimia 54 ya ujazo wa damu, dawa husimamishwa mpaka kiwango kishuke. Mtu anaweza kufika huko bila kuhisi lolote, na ndiyo maana damu hupimwa tena miezi michache baada ya kuanza, pamoja na kipimo cha tezi dume. Hesabu ya chembe za damu ni kipimo cha kawaida kabisa. Kipimo cha homoni ni ghali zaidi, na hata ikibidi sampuli isafirishwe hadi Mombasa, bado gharama hiyo ni sehemu ya dawa.

Liko na jambo ambalo barazani halitajwi kamwe. Mzee anayeoa tena na kutamani mtoto ndiye hasa huikimbilia sindano hii, ilhali ubongo ukiona homoni imejaa kutoka nje huacha kuziamuru korodani zifanye kazi, nazo husinyaa na mbegu hupungua, pengine hadi kwisha. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuifanyia utafiti sindano ya testosteroni ya kila wiki kama njia ya kupanga uzazi kwa wanaume, na matokeo yaliyotolewa mwaka 1990 yalionyesha kwamba wale ambao mbegu zao zilikwisha karibu wote hawakutungisha mimba. Akiacha, mbegu kwa kawaida hurudi, lakini huchukua miezi, na kwa wengine zaidi ya mwaka. Bibi harusi naye, katika muda huo wote, ndiye atakayeulizwa na mawifi kwa nini hashiki mimba.