Wauguzi wa Kenya na Safari ya Uingereza

Mwezi Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wauguzi wa Kenya wasio na ajira kufanya kazi katika hospitali za Uingereza. Wapinzani walihoji ni vipi nchi ambayo wadi zake zina muuguzi mmoja kwa wagonjwa wengi mno inaweza kuwatoa hata hao iliosomesha.

Swali hilo ni la haki, ila linasahau kwamba upungufu wa wauguzi hospitalini na wauguzi wasio na kazi vipo pamoja, katika nchi ileile. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, serikali za kaunti ndizo zinazoajiri sehemu kubwa ya wauguzi, na bajeti zao za mishahara zimebana. Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017 ulidumu takriban miezi mitano. Wahudumu walioajiriwa mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote walikaa miaka kadhaa wakidai ajira ya kudumu badala ya mikataba ya muda. Muuguzi aliyekaa nyumbani na leseni yake hamtibu mtu yeyote, na kumlaumu kwa kukata tiketi ni kumwonea.

Hata hivyo, upande wa pili una hoja ambayo watetezi wa makubaliano huipita haraka. Waajiri wa ng'ambo huvutiwa zaidi na mwenye uzoefu: mkunga aliyekomaa, muuguzi wa chumba cha upasuaji au wa wagonjwa mahututi. Huyo hakuwa bila kazi. Akiondoka, nafasi yake inaweza kujazwa kesho na mhitimu mpya, lakini anayepaswa kumfundisha mhitimu huyo kazini ndiye aliyeondoka. Fedha anazowatumia jamaa zake huwalipia wadogo zake karo, jambo kubwa sana kwao, lakini haziendi kwa mama anayejifungua usiku katika hospitali ya kaunti.

Kwa maoni yangu, ruhusa ya kuondoka isiguswe. Kinachostahili kubadilishwa ni masharti kati ya serikali hizo mbili: kwa kila muuguzi bingwa anayechukuliwa, Uingereza igharamie mafunzo ya bingwa mwingine nchini Kenya, na kaunti husika ilazimike kumwajiri kwa masharti ya kudumu anapohitimu. Bila sharti hilo la pili, fedha za mafunzo zitamwandaa msafiri mwingine tu.