Nipe transista ya mtumba

Juzi fundi mwenzangu alinikuta nang'oa transista za pawa, zile zinazosukuma spika, kwenye amplifaya mbovu ya zamani niliyoinunua kwa bei ya chuma chakavu. "Dukani zimejaa mpya, wewe wahangaika na mizoga?" Nikamjibu ndiyo, mizoga. Wala sioni haya.

Mwaka jana nilifunga transista za C5200 nne na wenzake A1943 nne, mpya kabisa, kwenye amplifaya ya mteja wa Makorora, hapa Tanga, anayepigia harusini. Mita ilisema nzima. Nikaiwasha kupitia balbu ya wati 100 kwenye njia ya umeme: balbu ikamulika, ikafifia, kama inavyotakiwa. Usiku wa shughuli, taarabu haijafika wimbo wa tatu, bibi harusi hajatolewa ndani, mashine ikafuka moshi. Na kwa watu wa Tanga, taarabu ikikatika katikati, fundi atatajwa jina mpaka la babu yake.

Asubuhi nikazibana kwenye jiliwa nikazipasua. Bandia! Ndani, silikoni ilikuwa ndogo kama punje ya choroko. Ya kweli ina kipande kipana, chenye mahali pa kupitisha ampea 15. Mita haikunionya kwa sababu kipimo cha dayodi husoma volti 0.5 au 0.6 hata kwenye kitransista cha redio ya mkononi. Siku hizi napima kapasitansi, yaani uwezo wa kushika chaji, kati ya miguu miwili ya transista: besi na kolekta. C5200 ya Toshiba ina kama pikofaradi 200 ikiwa na volti 10. Mita ya kawaida haiipi volti hizo, kwa hiyo inatakiwa isome zaidi ya hapo. Ikisoma makumi tu, inarudi ilikotoka.

Hata iliyo halali ina masharti yake. Wati 150 zilizoandikwa ni pale mwili wake ukiwa nyuzi 25. Nani Tanga ana hitisinki, lile bati la kupoza transista, ya nyuzi 25? Mwezi wa pili hata maji ya mtungi hayafiki huko chini. Mwili ukifika nyuzi 75, zimebaki wati 90. Kwa hiyo usimpunguzie mteja transista nne zikawa mbili ati kwa sababu hesabu ya karatasi inatosha.

Wengi wetu tunakimbilia ampea. Mimi naanza na volti. Mashine yenye volti 65 juu na 65 chini, transista iliyojifunga, yaani isiyopitisha umeme, inaweza kubebeshwa karibu 130. TIP35C itakushawishi kwa ampea zake 25, lakini mwisho wake ni volti 100. 2N3055 usiiguse, yake ni 60. C5200 inafika 230, na MJL3281A pamoja na mwenzake MJL1302A zinafika 260. Ukizipata za kweli, chukua. Lakini mashine ya kizamani iliyotengenezwa kwa 2N3055 usiiharakishe. Ile ni transista ya polepole. Ukiweka ya megahezi 30 mahali pake, saketi inaweza kuanza kujivumia yenyewe: muziki hakuna, hitisinki haishikiki.

Mtumba nao una kero zake. Miguu huwa mifupi, maika, kile kipande cha kuitenga na hitisinki, lazima iwe mpya, na kwenye hewa hii ya chumvi nyingine miguu imeliwa na kutu. Nazipima hFE, yaani kiasi zinavyokuza mkondo, moja moja nizipange zinazokaribiana, kisha nabadilisha upande mzima. Ukichanganya nzee na mpya, moja itajitwika mzigo wa wenzake. Rizista za emita nazo napima. Ile ya omu 0.22 iliyokatika huonekana nzima kabisa kwa macho.

Mashine ya Makorora inaendelea kupiga, na nane za mzoga ndani yake. Zile nilizopasua nimezitia kwenye kopo la kahawa mezani. Mteja akiniuliza mbona namtoza zaidi kwa vitu vilivyokwisha tumika, namsogezea kopo achungulie.